Bendera Iliyokuja Baada Yako

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua hapo ulipo marahaba haifiki, lakini wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtu mzima haanzwi kwa neno jingine, na sioni kwa nini kufa kwako kunikoseshe adabu.

Nakuandikia kwa sababu jana kaka Hamadi alibadilisha fremu. Ile picha ya siku ya mazishi yako, iliyokuwa kwenye fremu ya plastiki, sasa iko kwenye fremu ya mbao iliyonakshiwa kama mlango wa tajiri, na ameitundika sebuleni pale ilipokuwa saa yako ya ukutani. Saa ameihamishia jikoni. Kwa hiyo nyumbani kwako siku hizi anayetaka kujua wakati aende kwenye masufuria, na anayetaka kujua heshima ya serikali akae kwenye kochi. Leo asubuhi niliitazama picha hiyo mpaka chai ikapoa, nikaona ni haki nawe usimuliwe. Katika msiba ule wewe peke yako ndiwe ambaye hukuona kilichotokea.

Nianze mbali kidogo, maana bila ya mwanzo utadhani nakusengenyea mwanao.

Unakumbuka jioni ulizokuwa ukinifuata shule kwa baiskeli yako nyeusi? Tukifika karibu na zile ofisi za serikali mjini, filimbi inalia, bendera inashushwa, na Bagamoyo nzima inaganda. Mama muuza samaki anasimama na beseni lake kichwani, maji ya barafu yanamtiririka shingoni, hathubutu kujifuta. Mwenye mkokoteni anaganda katikati ya barabara. Mbuzi peke yake ndiye aliyekuwa akiendelea na safari zake, na sikuwahi kusikia mbuzi ameshtakiwa. Wewe ulikuwa unashuka, unashika tandiko kwa mkono mmoja, unasimama wima kama msumari. Mimi nyuma kwenye keria nilijaa fahari. Nilidhani hakuna mtu Tanzania hii aliyeipenda bendera kama baba yangu.

Filimbi ya pili ikilia, ulikuwa unapanda baiskeli na kuniambia kwa sauti ya chini: "Umeona? Mguu umepumzika. Mimi niliupa ule mti mguu wangu, na wenyewe unipe nafasi ya kupumua."

Sikuelewa mpaka nilipokua. Mguu ule ulirudi nao kutoka vita vya Kagera, umepinda kama jembe la mkopo. Wenzako walirudi na hadithi za mizinga. Wewe ulirudi na hadithi moja tu ya maana, na uliisimulia kila mtu alipokuja na mori wa kizalendo nyumbani. Kwamba mliingia katika kamji kadogo ng'ambo, mkashusha bendera iliyokuwapo, mkapandisha nyingine, mkapiga saluti. Watu wakatoka majumbani kupiga makofi. Kulikuwa na bibi kizee mmoja, ukasema, alipiga makofi huku anatazama pembeni, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. Ukamuuliza kwa ishara, bibi, hufurahi? Akakuonyesha ule mlingoti, akainua vidole, kimoja, cha pili, cha tatu, akaendelea kuhesabu zilizowahi kupanda hapo mpaka ukaondoka. Hapo ulikuwa unacheka mpaka kikohozi kinakushika. Wageni wako hawakuwa wakijua kama wacheke au wakuripoti.

Baada ya jeshi ukawa utingo wa malori, unapita Chalinze huku na huko juu ya shehena, na huko ndiko ulikoikuta bendera uliyoiheshimu. Ulinionyesha siku moja tumesimama kituoni. Lori lilikuwa limebeba nondo zimechomoza nyuma, na kwenye ncha zake kimefungwa kitambaa chekundu, kimechanika, kimejaa vumbi. Ukaniambia ile ndiyo bendera pekee isiyosema uongo. Inasema nondo hizi zitakutoboa, basi, haina mengine. Haikuombi uimbe. Nimeuza vitambaa maisha yangu yote, Baba, na sijapata maelezo ya kitambaa yaliyonyooka kama hayo.

Na pale dukani kwangu mjini, kwenye baraza, ndipo tulipokuwa tukimaliza elimu yetu. Mimi shule niliishia la saba, mengine yote nimeyaokota. Waongoza watalii walikuwa wanasimama mbele ya duka kwa sababu ya kivuli, na sisi tulikuwa tunasikiliza bure. Tulijifunza kwamba Sultani wa Unguja alikuwa na bendera nyekundu tupu, haina nyota, haina mwezi, haina mnyama. Wewe ukasema angalau yule hakujisumbua. Kwamba kila msafara uliotoka hapa kwenda bara ulitanguliwa na bendera hiyo, na nyuma yake wapagazi na pembe mabegani. Ukaniuliza kama nimewahi kuona bendera inabeba mzigo. Nikasema sijaona. Ukasema, ndiyo maana inatangulia.

Kisha wakaja Wajerumani wa kampuni, wafanyabiashara kama mimi tu, ila na bendera yao wenyewe, nyeupe yenye msalaba mweusi na nyota tano pembeni. Nyota zenyewe ni za kusini, kwao hata hazionekani. Yaani mtu anafika kwenye pwani ya wenzake na mbingu ya wenzake ameshaishona kwenye kitambaa chake. Wakataka mlingoti wa liwali uondoke, liwali akakataa, ukaangushwa, na vita vikaanzia hapo hapo. Watalii walikuwa wanatikisa vichwa kwa huzuni. Wewe ulikuwa unatikisa kichwa kwa jingine: kwamba waliuana watu wazima, wenye wake na mashamba, kwa kugombania mti usiozaa hata tunda. Baadaye Mwingereza naye akaja na yake yenye kichwa cha twiga. Kichwa tu. Mwili hatujui aliupeleka wapi, ukasema, pengine ulishauzwa.

Sentensi yako niipendayo ndiyo ile uliyowaambia siku moja, watalii na mwongozaji wao pamoja, bila ya kuombwa: "Kila aliyefika pwani hii alishusha mlingoti kabla hajashusha chakula." Mwongozaji akaitafsiri. Mzungu mmoja akaiandika. Wewe ukaniomba chai.

Hata ile yetu, uliniachia niichambue mwenyewe kama muuza vitambaa. Shuleni tulikaririshwa: kijani mimea, njano madini, nyeusi ni sisi, bluu maji. Sawa. Rangi zenyewe sina ugomvi nazo, zinapendeza. Lakini nilikuambia aliyeamua ule mstari mweusi upite mshazari hakuwahi kulipia kitambaa, maana mshazari unakula nguo, mabaki yake hayafai hata kwa kibandiko. Ulicheka siku nzima. Ukasema basi ndiyo sababu: wanachokipenda wakubwa ni kile kinachokula.

Sasa nije kwenye siku yako.

Ulikuwa umeshatuambia, mimi na Mama na Hamadi, tena si mara moja. Nikifa, msiningojeshe. Nimesimama kungoja maisha yangu yote, nimengoja amri, nimengoja malori, nimengoja filimbi. Nifunikeni nyeupe yangu, jua lisizame nikiwa juu ya ardhi. Hukutaka kingine, na ungedhani ni jambo jepesi. Ulitutoka alfajiri. Mpaka jua linapanda umeshaoshwa, umeshavikwa sanda, na vijana wa Mlingotini kwetu wameshachimba kaburi kando ya bibi, mama yako. Tulipanga baada ya sala ya adhuhuri.

Kabla ya adhuhuri likaingia gari. Akashuka bwana mmoja wa itifaki, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa kwenye mchanga wetu kama vimepotea njia. Sijui nani alimwambia. Nadhani Hamadi alipiga simu, yeye anasema hakupiga. Alitoa pole vizuri, hilo sitamnyima. Kisha akasema mzee wetu alikuwa mpiganaji, na mpiganaji hapelekwi kaburini kama mtu aliyefia sokoni. Jeneza lake sharti lifunikwe bendera ya taifa, na zipigwe saluti. Bendera iko njiani, inatoka upande wa Chalinze.

Ungemwona mwanao, Baba. Hamadi alirefuka. Mtu ambaye hajapitia hata mgambo alianza kutembea kwa hatua. Adhuhuri ikasaliwa, wewe ukabaki ndani. Shehe akauliza kwa upole, akaambiwa ni kidogo tu. Tukasema basi iwe alasiri.

Sisi wanawake tulikuwa chumbani nawe, Mama ameshakaa eda nyuma ya pazia, dirisha liko wazi kwa ajili ya joto. Yule bwana alikuwa anaongea na simu barazani kwa sauti ya mtu aliyezoea vipaza sauti, kwa hiyo msiba wote ulisikia. Na tuliyoyasikia, wallahi, kama ungekuwa hai yangekuua.

Bendera ile ya mazishi ni moja. Inazunguka, leo kwa huyu kesho kwa yule, kama sufuria la shughuli. Siku iliyotangulia ilikuwa Vigwaza, kwa mzee mwenzako mmoja aliyezikwa kwa sanduku. Maafisa walipomaliza hotuba walikaribishwa ubwabwa, wakaenda. Huko nyuma vijana wa kijiji wakashusha sanduku kaburini na bendera yake juu, wakafukia, wakasawazisha, wakapanda na maua. Hakuna aliyewaambia kwamba heshima ile ilikuwa ya kuazima. Sasa ofisi ilikuwa imemtuma mtu kuidai, na mtu huyo alikuwa kwenye simu anaeleza alivyojibiwa na wazee wa huko, na bwana wetu anarudia kila neno kwa mshangao. Walimwambia: "Mlimfunika wenyewe, mkasema ni heshima yake. Leo heshima ya marehemu mnaitaka irudi? Basi kamwombeni mwenyewe."

Ndani ya chumba chako, mbele ya maiti yako, shangazi aliuma khanga ili asicheke. Mimi sikuuma kitu. Nilikutazama nikaona uso wako umetulia hivi, kama siku za barazani mwongozaji anapokosea.

Ikabaki bendera nyingine moja iliyo karibu. Ile ile, Baba. Ile ya mlingoti wa mbele ya ofisi, ya filimbi, iliyokuwa ikiupumzisha mguu wako. Bwana wa itifaki akaja mlangoni kutueleza kwa masikitiko kwamba hiyo inaweza kuletwa, ila utaratibu hauruhusu ishushwe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ikishushwa tu, gari litaruka nayo moja kwa moja. Aliyasema hayo kwa utulivu, kama mtu anayekueleza habari za mvua. Hakusikia alichokisema. Kwamba bendera haishuki mpaka jua lishuke, na wewe ulitaka kushuka kabla ya jua. Kwamba kati yenu wawili mmoja angoje, na imeamuliwa ni maiti.

Alasiri ikaadhiniwa. Joto unalijua. Mama aliniomba niongeze kafuri.

Hapo ndipo yule bwana aliponiita pembeni ya nyumba. Nadhani hata yeye alianza kuliogopa jua. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza siku ile: "Dada, nimesikia una duka la vitambaa. Huwezi kushona moja ya haraka haraka?"

Nikamwambia kijani ninacho, nyeusi ninayo, bluu nina ya sketi za shule. Njano ninayo ya bitana ya makoti tu.

"Hiyo hiyo bitana. Nani atajua?"

Nikamwangalia viatu vyake. Nikamwambia, "Bwana, kutwa nzima umetuambia kitambaa hiki hakina mfano. Sasa kama naweza kukishona mimi kwa bitana ya koti, baba yangu anangoja nini?"

Alitazama saa yake, akatazama simu yake, akatazama gari lake, kama mtu anayetafuta ni kipi kati ya hivyo kitamjibia. Hamadi alikuwa amesimama nyuma yangu amesikia yote. Nikadhani sasa amezinduka. Akaniambia, "Mdogo wangu, usituharibie."

Nikaingia ndani nikamweleza Mama, neno kwa neno. Unamjua Mama, kwenye mambo ya wanaume wa barazani huwa haingii. Akamwita Hamadi, akaja akasimama upande wa pili wa pazia.

"Mtoeni baba yenu."

"Mama, heshima hii haiji mara mbili."

"Na jua la leo je, linakuja mara mbili?"

Wanaume wakaingia, wakakubeba, wakakuweka kwenye jeneza la msikiti, wakakufunika kile kitambaa cha kijani kilichofubaa ambacho kimewafunika watu wote wa Mlingotini, tajiri na fukara, na hakijawahi kuandikiwa barua. Walikusalia. Mchanga wako ulisawazishwa jua likiwa bado juu ya mikoko, Hamadi mwenyewe ameapa, maana sisi wanawake hatukufika huko. Na alikushusha yeye kwa mikono yake. Hilo pia nakuambia, ili uamue mwenyewe ni kiasi gani cha kumsamehe.

Wanaume wamerudi, jeneza limerudishwa tupu kwenye baraza la msikiti pale mbele ya nyumba yetu, giza halijaingia bado, mara gari linakuja mbio na vumbi lake. Bendera imefika. Bado ina joto la mlingoti. Wameshuka watu wanne na mpiga picha. Wakaambiwa mzee ameshazikwa. Nilikuwa dirishani, nikasema sasa watatoa pole, watanywa kahawa, watakwenda.

Wakashauriana. Kisha wakaenda msikitini, wakalichukua lile jeneza tupu, wakaliweka sawa juu ya baraza, wakalitandikia bendera, wakaivuta pembe zake ikanyooka. Wakajipanga. Mmoja mwenye sare akapiga saluti, wenye suti wakajishika vipaji vya nyuso kila mtu kwa namna yake, na Hamadi wetu pembeni kabisa, kiganja kimefunguka kama anayejikinga jua. Bwana wa itifaki akatoa hotuba fupi. Akaliambia jeneza: "Mzee wetu, lala salama, taifa liko nawe."

Taifa lilikuwa na mbao za mvule na misumari. Wewe ulikuwa kwenye mchanga wako kando ya mama yako, umejifunika nyeupe, umewahi.

Katikati ya saluti muadhini akaadhini magharibi. Hapo hawakujua utaratibu unasemaje. Mmoja akashusha mkono, mwingine akaubakisha, wa tatu akauacha nusu njia. Mpiga picha akapiga wakati huo huo. Ndiyo picha yenyewe iliyo kwenye fremu ya nakshi.

Walipomaliza wakaikunja bendera kwa uangalifu zaidi kuliko walivyomshika mkono mtu yeyote msibani pale, wakaondoka nayo hata kahawa hawakunywa. Ilikuwa na kazi asubuhi. Safari hii, naona, hawakutaka kuiacha karibu na watu wenye majembe.

Watu husema bendera hufuata upepo. Ya kwetu mimi nimeiona inafuata gari.

Basi nimekaa na dharau yangu mwaka mzima, Baba, na ilikuwa inanistawi vizuri. Nilikuwa nasubiri siku Hamadi atakaponiuliza kwa nini siitazami ile picha, nimmalize. Jana alipokuwa anagongelea msumari wa fremu mpya sikungoja kuulizwa. Nikamwambia, kaka, umetundika watu wanaopigia saluti ubao. Aliendelea kugonga. Alipomaliza akashuka kwenye kiti, akaniambia bila ya kunitazama: "Sasa ningetundika nini? Mzee hakuacha picha hata moja."

Ni kweli. Ulizikataa zote. Ulisema umeshasimama wima vya kutosha.

Kwa hiyo imebaki pale. Wageni wakija huangalia, huona bendera imejaa, huona jeneza, huona mikono iliyochanganyikiwa, na kwa adabu huuliza, "Ndiye Mzee huyo, ndani humo?" Hamadi hutoka nje kidogo. Mimi huuma mdomo. Mama, ambaye hakuwahi kuiangalia picha ile zaidi ya mara moja, humimina chai kwanza, kisha hujibu kwa upole kabisa, kama anayemwambia mtu aliyebisha hodi:

"Hapo hayupo. Alishatoka."

Pumzika, Baba. Filimbi ya jioni bado inalia mjini, na mimi nikiisikia nasimama, kwa ajili ya mguu wako.

Ni mimi, bintiyo wa kwenye keria ya baiskeli.